Yai Lililolala Halifi

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha kufungia mayai mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Kusahau sijaanza, lakini sababu yenu ninaijua: mmechoka kunipigia simu kila boksi linapokwenda mahali msipopajua. Basi someni. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa sitazigusa, maana kuku hawakuwahi kuniuliza cheo changu.

Kwa msomaji asiyetujua, kiangulio chetu kiko Kibos, nje kidogo ya Kisumu, mahali ambapo upepo ukigeuka unanusa miwa. Tunafuga kuku wazazi na kukusanya mayai yenye mbegu. Mengine tunayaangua wenyewe kwenye mashine, mengine tunayafunga kwenye maboksi na kuyatuma kwa watu walioyaagiza, wakayaweke chini ya kuku wao huko waliko. Kazi yangu ilikuwa hiyo ya pili. Kwa miaka thelathini na moja nimefunga mayai, na mimi Dorka Awuor nawaambia kwamba kufunga yai ni rahisi. Kigumu ni kumfunga mdomo anayelipokea, maana kila mtu anadhani anajua kuku kuliko wewe.

Siku yangu ya kwanza nilikuja moja kwa moja kutoka kwetu Asembo Bay, mikono bado inanuka omena, dagaa wa ziwani, wa mama yangu. Nilipelekwa kwenye chumba chenye trei nyingi nikaambiwa nimsubiri Mzee Onditi, ndiye atakayenifundisha. Mimi kusubiri sijui. Niliona mayai mengine yana kinyesi, nikasema moyoni kwamba hawa watu ni wachafu, nikatafuta ndoo na sabuni. Mzee Onditi alipoingia, trei tatu zilikuwa zinang'aa. Nilisimama kando nikingoja kusifiwa.

Alishika yai moja, akalizungusha, akaketi. Alikuwa mzee mwembamba, wa maneno machache.

“Nyathina,” akasema, yaani mwanangu, “yai iko na nguo yake. Wewe umevua hiyo nguo. Sasa kila ugonjwa ikipita hapa, itaingia kwake bila kupiga hodi.”

Ndipo akanieleza kwamba ganda la yai lina utando mwembamba usioonekana, na maji yakiuondoa, yai la kuangua limekwisha. Hakunipeleka kwa mwenye kampuni. Aliamua tu kwamba mayai yale yataliwa, na kwamba mimi ndiye nitakayeyapika. Wiki nzima wafanyakazi wote walikula mayai mchana, na kila aliyeinua sahani alinishukuru kwa usafi wangu.

Mengi ninayoyajua yalitoka kwa mzee huyo. Alinifundisha kugonganisha mayai mawili polepole karibu na sikio. Mazima hulia kwa sauti kali na safi. Lenye ufa hulia kwa sauti butu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Alinifundisha kupima kwa mwanga, tukitumia mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa tundu moja, balbu ya betri ikiwa ndani. Mashine nzuri za kupimia zilikuja baadaye, lakini mkebe ule niliutumia mpaka juzi, na ninyi mlionicheka mnajua ni nani aliyekuja kuuazima umeme ulipokuwa unasumbua. Alinifundisha kwamba ncha nyembamba hukaa chini, na kwamba makapi ya mpunga kutoka Ahero ndiyo godoro bora kuliko yote.

Kila yai tulilifunga kwa kipande cha gazeti kabla ya kulilaza kwenye makapi, na hapo mzee alikuwa na sheria yake. Kurasa za matangazo ya vifo alizitoa kwanza, akazikunja na kuziweka kando. Nilimuuliza kama kifaranga kinajua kusoma. Akasema hakijui, lakini mama atakayefungua boksi anajua, na si vizuri aanze kazi ya uhai kwa kutazama picha za marehemu. Nimeishika sheria hiyo mpaka siku yangu ya mwisho, nanyi naomba muishike.

Neno alilolirudia kuliko yote ni lile mnalolisikia kwangu kila siku. Yai lenye mbegu, likiwa mahali pa ubaridi, limelala. Linaweza kulala wiki nzima bila shida yoyote. Likipata joto, linaamka na kuanza kujijenga, na likishaamka halirudi tena usingizini. Yeye alilisema hivi: “Yai iliyolala haikufi. Yai umeamsha alafu umeacha, hiyo ndiyo inakufa.” Niliitikia kila mara. Kuitikia na kusikia ni vitu viwili, kama mtakavyoona.

Miaka ile tulituma mayai Siaya, Muhoroni, Homa Bay, visiwani na mipakani. Kesi ngumu hazikukosekana. Mama mmoja wa Port Victoria alilalamika kwamba mayai sita kati ya kumi na mawili hayakuanguliwa, na maganda hayaonekani. Nilifanya uchunguzi wa siku mbili kwa simu, nikauliza habari za panya, kenge na wachawi, mpaka mumewe akakiri kwamba aliyakaanga. Mzee Onditi alisema hiyo ni hasara ya ndoa, si ya kiangulio, akaifunga kesi.

Alistaafu, akarudi kwao Alego, na baada ya miaka michache tukaenda kumzika. Picha yake ilipotoka gazetini niliukata ukurasa ule nikauweka kwenye droo ya meza ya kufungia. Nilijiona nimeshakuwa fundi. Kwa wakati ule, maboksi yangu yote yalikuwa yamekwenda mahali penye joto kama letu, na sikuwahi kushindwa.

Halafu ikaja barua ya Mama Chepkoech. Ilikuja mkononi mwa mfanyabiashara wa viazi, ikiwa imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari. Alijitambulisha kwamba ni mjane, anaishi juu ya Kuresoi, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umemmalizia kuku wote isipokuwa tembe mmoja mweusi ambaye hajaanza kutaga. Aliomba mayai thelathini ya kuangua. Mwisho aliandika: “Tafadhali msiniambie huku ni baridi. Ninajua.”

Nilimpenda kabla sijamwona. Nilipompigia simu sikumpata, kwa kuwa kwake hakuna mtandao. Ilibidi yeye apande kilima mpaka kwenye kisiki cha mti, ndipo simu yake ipate kushika. Alinipigia siku ya tatu, na katika mazungumzo hayo ndipo nilipojua kilichokuwa nyuma ya barua.

Banda lake la kuku lilijengwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, kwa mbao za mkangazi, na ndilo lililokuwa kazi yake Chepkoech na jina lake pale nyumbani. Shemeji yake, Arap Koech, alilitaka banda hilo liwe ghala la mbegu za viazi. Alisema mlima si wa kuku, kuku wamekwisha, na banda tupu ni kiota cha panya. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua hivi: viazi vilivyo shambani vikishachimbwa, kama bandani hakutakuwa na vifaranga, Arap Koech alichukue. Chepkoech alinieleza haya yote bila kulia na bila kulalamika. Aliniuliza tu kama mayai yangu yanaweza kufika.

Nikamwambia yatafika. Sikuuliza mtu.

Sasa nikiri kosa, maana ndilo lililonifanya niandike yote haya. Mimi ni mtu wa ziwani. Baridi niliionja mara moja tu, kwenye harusi huko Londiani, nikalala na nguo tatu na bado meno yakagongana hadi asubuhi. Tangu siku hiyo niliiogopa baridi kuliko mamba. Nilipofunga mayai yale thelathini, nilihisi kana kwamba ninawapeleka watoto wa watu barafuni. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya boksi, kwa herufi kubwa: YANA UHAI. YASIPATE BARIDI. Nikaridhika sana na akili yangu.

Boksi lilikwenda na gari la Molo. Dereva wake, Omolo, ni mtu wetu wa Nyalenda na nilimwamini. Angeliacha kwenye senta ndogo ya maduka, kwa mama mwenye hoteli ya chai, na kutoka hapo pikipiki ingelipandisha hadi kwa Chepkoech. Yeye alikuwa ameazima kuku wawili wanaoatamia kutoka kwa majirani. Desturi hiyo iko kwao kama ilivyo kwetu: unaazima kuku, na siku ya kumrudisha unampeleka na vifaranga viwili vya shukrani.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu kutoka kwenye kisiki. Hakuna hata yai moja lililoanguliwa. Nilimwomba avunje machache anieleze anachokiona. Akasema ndani kuna pete nyekundu ya damu, ndogo, ya ukubwa wa shilingi. Nikamwuliza kama ni kwa yote. Akasema yote aliyovunja.

Ninyi mnajua maana ya pete ya damu. Yai lilianza, likafa likiwa changa. Mimi nilijua pia, lakini hofu yangu ilikwisha kunijibu kabla sijafikiri. Nikasema baridi imeyaua njiani. Chepkoech akawarudisha kuku wa watu wakiwa wamekonda kwa wiki tatu za kukaa bure, na mkono wake wa shukrani ukiwa mtupu. Alisema hilo la mkono mtupu ndilo lililomuuma zaidi.

Boksi la pili nililifunga kama mtoto mchanga. Nilitoa blanketi langu la kijani, lenye mistari myeupe, zawadi ya dada yangu, nikalizungushia boksi lote na kulishona kwa uzi wa gunia. Maandishi mekundu niliyarudia pande zote nne. Nikampigia Omolo na kumsihi ayatunze, nikampigia na mama wa hoteli. Wote waliniahidi kwa roho safi, na Chepkoech akaazima kuku wengine wawili, safari hii kwa kubembeleza.

Wiki tatu zikapita, pete zikawa zilezile.

Sasa hakuna jirani aliyekubali kutoa kuku wake. Viazi vilikuwa vimeanza kunyauka majani, vikikaribia kuchimbwa, na Arap Koech alikuwa amekwenda kupima banda kwa kamba. Huku kwetu Bwana Jagdish, mwenye kiangulio, aliniita. Si mtu mbaya. Alisema mayai sitini yamekufa na jina letu limechafuka huko juu, na inaonekana dereva anayatupatupa, kwa hiyo gari lile lisipewe tena mzigo wetu na mlima uachwe. Niliona anasema kweli. Nilitoka pale nikiwa na hasira, nikampigia Omolo nimpe maneno yake.

Sikufika mbali. Nilipotaja mayai tu, sauti yake ilijaa fahari.

“Mama Dorka, hiyo mayai mimi nimechunga kama mtoto wangu,” akasema. “Sikuweka hata kwa buti huko nyuma. Nimeweka hapa kando yangu, juu ya injini, na blanketi yake. Mpaka Londiani nikigusa, iko moto vizuri.”

Nikakata, nikampigia mama wa hoteli kule senta, nikamwuliza kwa upole aliyaweka wapi. Akanieleza kwamba mara zote mbili pikipiki ilichelewa kwa sababu ya matope, boksi likalala kwake siku mbili, na yeye alisoma maandishi yangu na kuyatii. Alilikalisha kando ya jiko la chai, na makaa yalipopungua aliongeza, ingawa wateja walikuwa wameshaondoka.

Niliketi juu ya kreti. Mayai yangu yalikuwa yameamshwa juu ya injini, yakakesha siku mbili kando ya jiko, halafu yakapakiwa kwenye pikipiki na kupandishwa kwenye ubaridi wa msitu. Yai umeamsha alafu umeacha. Kila mtu njiani alikuwa mwema, na wote waliufuata mwandiko wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilivuta droo, nikautazama ukurasa wa gazeti wenye picha ya Mzee Onditi, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nililia, si kwa ajili ya kifo chake, bali kwa kuwa alinifundisha na mimi nikaitikia tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika lilikuwa la mjane asiye na kosa.

Nilirudi kwa Bwana Jagdish jioni ileile. Nikamwambia dereva hana hatia, mama wa hoteli hana hatia, na mlima hauna hatia. Mwenye kalamu nyekundu ni mimi. Nikamwomba boksi moja la mwisho.

“Sawa, Dorka. Moja tu,” akasema. “Ikikataa, hakuna yai yetu inapanda mlima tena.”

“Ikikataa,” nikamjibu, “mimi mwenyewe nitaandika kwa ubao pale geti kwamba ni kosa ya Dorka.”

Kisha nikamsubiri Chepkoech afike kwenye kisiki. Nilipomweleza kwamba mayai sitini niliyaua mimi kwa kuyahurumia, hakunilaumu. Akaniambia yule tembe wake mweusi alikuwa ametaga, na sasa ameanza kuatamia, amekalia magunzi mawili ya mahindi na hataki kuondoka. Kuku ndiye huyo mmoja. Viazi vitachimbwa baada ya mwezi.

Nilichagua mayai kumi na manne. Niligonganisha kila moja na mwenzake mpaka wenzangu wakadhani nimeanza kupiga muziki. Niliyafunga kwa gazeti, nikatazama mara mbili kwamba hakuna marehemu ndani. Makapi ya mpunga, ncha chini, matundu pembeni, basi. Sikuweka blanketi. Juu niliandika: MAYAI YAMELALA. YAACHWE YAPATE BARIDI. YASIKARIBIE MOTO. Omolo aliposoma aliuliza kama mimi na hayo mayai tumekosana. Nikamwambia yaweke sakafuni, nyuma, mbali na injini, na akitaka kuyapenda ayapendee huko mbali. Mama wa hoteli nilimwomba ayaweke stoo badala ya jikoni. Alikubali, lakini kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

Lilibaki jambo moja. Mayai yakishasafiri yanahitaji kupumzika siku nzima, mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, kabla ya kuwekwa chini ya kuku. Nyumba ya Chepkoech ilikuwa chumba kimoja chenye moto katikati. Nilimwuliza kama hakuna stoo nyingine hapo boma. Akasema ipo, yenye giza na baridi ileile mchana na usiku. Ni stoo ndogo ya viazi ya Arap Koech.

Alikwenda kumwomba. Shemeji alicheka, akasema wacha yalale na viazi, vyote ni mviringo na vyote havitaanguliwa. Lakini alimfungulia mlango. Mayai yangu yakalala usiku mmoja na mchana mmoja juu ya gunia la adui, na jioni yake Chepkoech akayapeleka kwa yule mweusi, ndani ya nusu chungu iliyojazwa nyasi kavu, huku chini yake kukiwa na gunia bichi, kwa sababu hewa ya huko juu hukausha yai upesi.

Siku ya saba alimulika kwa tochi ya simu, kisha akapanda kilima kuniambia ameona kitu kama buibui, kidogo, chenye miguu myekundu. Nilimwuliza ni mangapi. Akasema kumi na mawili. Niliiandika namba hiyo ukutani, na ile kumi na mbili bado ipo, nyuma ya mlango, msiipake rangi.

Siku ya ishirini na moja nilishinda na simu mkononi. Haikulia. Ya ishirini na mbili haikulia. Yule mfanyabiashara wa viazi akatuambia kwamba huko juu mvua inanyesha bila kukoma na watu wanachimba viazi ndani ya matope visije vikaoza. Niliposikia wanachimba, chakula kilinishinda. Bwana Jagdish alipita mlangoni mara tatu bila kuniuliza kitu, na kutouliza kwake kulinitesa kuliko kama angeuliza.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, ikaingia namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, yenye kuhema.

“Mimi ni Arap Koech,” ikasema.

Nilijua amekuja kutangaza ghala lake. Nikamwambia ninamsikia.

“Mama Chepkoech amenituma kwa hii kilima kwa sababu yeye hawezi kutoka. Huyo kuku imekuwa kali, inataka yeye peke yake. Mimi imenidona mkono.” Akakohoa. “Ziko kumi na moja.”

Nilimwomba arudie.

“Kumi na moja. Moja ilitoka nyuma ya wengine, kuku akaisukuma nje. Nimeweka hapa ndani ya koti nipate kuipasha joto. Ngoja, sikiza.”

Nikasikia mvua, nikasikia kitambaa kikisugua simu, halafu, wazi kabisa, juu ya mlima wote ule, kifaranga kikalia. Kilikuwa kinalalamika kwa nguvu zake zote. Katika maisha yangu nimesikia vifaranga kwa maelfu, lakini hicho kimoja ndicho kilichonitoa machozi. Nilikimbia na simu hadi ofisini, nikaibandika kwenye sikio la Bwana Jagdish bila kumwomba ruhusa. Alisikiliza, akatabasamu kwa mbali, akaniambia nifunge boksi jingine. Nilirudi chumbani nikicheza, nikampigia Omolo, naye akapiga honi barabarani bila sababu mpaka akaulizwa na polisi.

Banda lilibaki kwa mwenyewe. Wazee walikuja kuhesabu, na Chepkoech alisimama mlangoni mwake akiwa na leso mpya. Vifaranga vinne vya shukrani, kimoja kimoja kwa kuwa vilikuwa vichache, aliwapelekea wale majirani wote wanne waliomwazima kuku hapo mwanzo, ingawa hakuna aliyedai, ili mkono wake usibaki mtupu. Tangu hapo mlima haujanyamaza. Maboksi yamepanda Kuresoi, Mau Narok, Timboroa na kwingine ambako hata jina sikuwahi kulisikia, na maneno yangu mapya sasa ni mhuri wa mpira mnaoupiga kila siku bila kujua ulikotoka. Agizo la tano kutoka mlimani lilikuwa la mayai arobaini, kwa jina la Arap Koech. Alieleza kwamba si kwamba amebadili mawazo kuhusu kuku. Ni kwamba stoo yake ya viazi ina nafasi.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, ahsanteni. Mliondoka mapema, kwa hiyo hamkuona kilichofuata. Omolo alisimamisha gari getini, akashusha boksi kutoka nyuma, sakafuni, mbali na injini. Lilikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi: MAYAI YAMELALA. Ndani, juu kabisa, kulikuwa na blanketi langu la kijani, limefuliwa na kukunjwa, na karatasi ya daftari juu yake. Chini yake, katika makapi, mayai kumi na matatu ya kahawia, ya watoto na wajukuu wa yule mweusi, kila moja limefungwa kwa karatasi safi isiyo na marehemu hata mmoja.

Niligonganisha mawili karibu na sikio. Yalilia safi. Kisha nikasoma karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja tu: “Mama Dorka, blanketi ni lako, si la mayai.”

Nimeyalaza siku nzima stoo, na jana jioni nikayaweka chini ya kuku wangu hapa nyumbani. Kisumu leo kuna joto la kuua nzi, nami ninaandika haya nikiwa nimejifunika blanketi mabegani, na wala silitoi.